Servisi ya haibridi haiishii kwenye oili

Kila anayejua kwamba naendesha haibridi, yaani gari la petroli na umeme, huniuliza swali lilelile: betri kubwa itakufa lini? Sijawahi kuulizwa feni ya betri ilisafishwa lini, na hilo ndilo swali la maana. Betri ile haifi kwa umri peke yake. Joto huimaliza mapema, na mara nyingi joto hilo linatokana na vumbi ambalo lingeondolewa kwa muda mfupi kama mwenye gari angejua limejificha wapi.

Langu ni Toyota Prius ya kizazi cha tatu. Betri kubwa imekaa nyuma ya kiti cha nyuma: moduli 28 za nikeli, yaani betri ndogondogo zilizopangwa mstari, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Inapozwa kwa hewa ileile tunayovuta sisi tuliomo ndani. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu wa plastiki. Feni inavuta hewa hapo na kuipitisha katikati ya moduli. Wavu huo hauna alama ya kutisha wala taa, ndiyo maana watu wanaufunika kwa mabegi, makoti na mablanketi ya watoto bila kujua wanaiziba pua betri.

Nililinunua likiwa limeshatumika, kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoagiza ilikuwa kufungua feni. Fundi aling'oa plastiki ya pembeni, akalegeza skrubu, akaniita: "Dada, njoo uone mwenyewe." Kati ya mapanga ya feni palikuwa pamejaa nyuzi za nguo, nywele na vumbi lililogandamana kama sufi ya mto wa zamani. Feni ilikuwa inazunguka na kelele yake inasikika vizuri, ila hewa ilikuwa haipiti. Na hakuna taa hata moja iliyokuwa imewaka kwenye dashibodi! Gari husubiri hadi betri imeshaumia ndipo liseme.

Tangu hapo feni inakaguliwa katika kila servisi kubwa. Baadhi ya magari yana kichujio kidogo nyuma ya wavu, hicho unakitoa na kukipuliza bila kusumbua fundi. Ukibeba mbwa, au ukipita sana barabara za vumbi, kisafishe mapema zaidi. Na siku ya jua kali washa kiyoyozi hata kama wewe mwenyewe unaweza kuvumilia, kwa sababu betri inavuta hewa hiyohiyo ya ndani.

Kabla sijaendelea na mengine, kuna jambo ambalo silikubalii mzaha. Boneti haifunguliwi kwa kazi yoyote mpaka gari limezimwa kabisa na ufunguo umepelekwa mbali. Haibridi ikiwa kwenye READY, yaani imewashwa na iko tayari kuondoka, inaweza kukaa kimya kama imezimwa, halafu injini ikajiwasha yenyewe kwa sababu tu chaji ya betri imeshuka. Fundi aliyezoea magari ya kawaida anaweza kuwa ameshaingiza mkono. Namwambia kila fundi mgeni, hata kama atanuna. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Hizo ni za fundi aliyefunzwa, mwenye glavu za kuzuia umeme, anayejua kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri umeme uliobaki kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, uishe.

Oili sasa. Watu husema injini ya haibridi haifanyi kazi sana, kwa hiyo oili inaweza kukaa muda mrefu. Mimi naliona hilo kinyume. Kwenye safari fupi injini inawaka na kuzimika mara kwa mara bila kupata joto la kutosha, na unyevu pamoja na petroli kidogo hubaki ndani ya oili badala ya kukauka. Kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu hadi kilomita 16,000 kwa oili sintetiki ya 0W-20, lakini kitabu hichohicho kinapunguza hadi nusu kwa gari la safari fupi au la vumbi. Mimi nafuata ile nusu. Na sikubali kuwekewa oili nzito eti gari limezeeka.

Kitu ambacho mafundi wengi hukiruka ni kulanti, yaani maji ya kupozea, ya inveta. Kwenye gari kama langu mizunguko ya kulanti ni miwili: mmoja wa injini, mwingine wa inveta, wenye chupa yake na pampu yake ya umeme. Kuikagua ni rahisi. Fungua boneti na mfuniko wa chupa ya inveta gari likiwa limezimwa, kisha mtu aliwashe hadi READY, nawe uchungulie mikono ikiwa mbali. Utaona kulanti ya pinki inatikisika na kuzunguka. Ikiwa imetulia tuli kama maji ya ndoo, pampu haisukumi, na gari hilo lisiende safari. Si jambo la kubahatisha: mwaka 2012 Toyota yenyewe iliyaita magari mengi ya Prius ya kizazi cha pili kwa ajili ya pampu hiyo. Kulanti ya inveta hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 240,000, kisha kila kilomita 80,000. Ikishajazwa, fundi lazima atoe hewa yote. Povu likibaki ndani, inveta inachemka.

Breki nazo zina tabia yake. Ukiachia mafuta au kukanyaga breki taratibu, mota hugeuka jenereta na kulipunguza mwendo gari, kwa hiyo pedi zinadumu sana, kupita kilomita 100,000 ni kawaida. Tatizo ni kwamba kisichotumika hushika kutu. Nimewahi kuona pedi ya ndani imeisha huku ya nje bado ni nene, kwa sababu pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, zilikuwa zimeganda. Kwa hiyo usimuulize fundi tu kama pedi bado zipo. Mwambie afungue, asafishe pini na azipake grisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likikaa tu, hivyo mimi nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na kazi hiyo inataka mashine ya kompyuta. Ule mlio wa "vuuum" unaousikia ukifungua mlango wa dereva ni pampu ya breki inajiandaa. Mtu asiyelijua hilo akiwa anarudisha pistoni anaweza kuumia vidole.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayotia watu hofu bure. Haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu, kwa hiyo haitoi ile dalili ya kuvuta kwa uchovu asubuhi. Siku inapochoka, dashibodi inajaa taa za kila rangi na mtu anaambiwa betri kubwa imekufa. Pima kwanza hii ndogo! Ikiwa nzima na imejaa chaji inasoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Kwa kuwa inakaa kwenye buti, ina mpira wa kutolea gesi nje. Usikubali kufungiwa betri ya kawaida isiyo na sehemu ya mpira huo.

Plagi za injini, zile za iridiamu, hukaa muda mrefu sana, na matairi ni upepo tu, upimwe kila mwezi.

Giaboksi haina gia za kubadilisha, ni gia za sayari na mota mbili, na wengine husema oili yake ni ya maisha. Mimi naimwaga kila kilomita 100,000 na kuweka oili ya giaboksi ya Toyota iitwayo ATF WS, hakuna nyingine.

La mwisho ni gesi ya kiyoyozi, na hapa nawaomba sana. Kompresa ya haibridi inaendeshwa kwa umeme mkubwa, na mota yake imo humohumo ndani ya oili. Oili yake ni ND-11, isiyopitisha umeme. Oili ya PAG inayotumika kwenye magari ya kawaida, hata ikiingia kidogo kupitia mipira ya mashine ya kujazia gesi, inaharibu uwezo wa nyaya za kompresa kuzuia umeme usivuje, na gari linaweza kugoma kabisa kuingia READY. Muulize fundi wa kiyoyozi anatumia oili gani kabla hajaunganisha mpira wake. Akijibu kwamba zote ni sawa, washa gari uondoke.