Rambo zimeondoka, vifuko vimebaki

Niliondoka Dar mwaka 2014, enzi ambazo hata ukinunua sabuni ya kipande unatiliwa kwenye rambo, yaani mfuko wa plastiki. Nimerudi Buguruni kutoka Muscat, na kilichonifurahisha kuliko barabara mpya ni hicho: rambo sizioni. Pembeni mwa reli, miti haina tena ile mifuko myeusi iliyonasa matawini. Katazo la mifuko hiyo la tarehe 1 Juni 2019 lilikuwa na meno. Ukikutwa umebeba, faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Watu wametii, na nawapongeza kwa dhati.

Lakini njooni muone mitaro. Juzi vijana wa mtaa walikuwa wanazibua wa kwetu, nami nikashika koleo. Lilitoka tope jeusi limeshikana na vifuko vyembamba vinavyong'aa, vingine bado vina fundo, ndani mabaki ya mafuta ya kula. Unavuta kimoja, vinafuatana. Nyuma yake maji yamesimama, yananuka, mbu tele.

Hayo ni mafuta ya kupima. Mwenye mia tano hawezi kununua chupa ya lita, kwa hiyo Mangi, mwenye duka la mtaani, anampimia kipimo, anamimina kwenye kifuko, anafunga. Sukari hivyohivyo, karanga, ubuyu. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikikumbusha kwamba kifungashio kisigeuzwe mfuko wa kubebea, ila sokoni nyanya na vitunguu vinabebwa humohumo.

Simlaumu mnunuzi wala Mangi. Tuliokulia hapa tulitumwa dukani na kichupa, mafuta yanapimiwa humo, na sukari inafungwa kwenye karatasi. Mwenye chupa yake akipunguziwa bei kidogo tu, mtindo huo utarudi. (Na ile mifuko mbadala ya rangirangi, jamani, mingi nayo ni plastiki, polipropilini. Ukiitupa baada ya kwenda sokoni mara moja, hujaokoa kitu.)

Kinachoniuma zaidi kiko Kariakoo. Vifuko hivi vinauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya jumla, mchana kweupe. Kumkimbiza mama muuza nyanya huku mwenye stoo anaachwa ni uonevu. Msako uanzie stoo na viwandani.

Maji ya mitaro yetu yanaishia Mto Msimbazi, na Jangwani mnajua inavyofurika kila masika. Jumamosi tunamalizia kipande kilichobaki. Mwenye koleo na buti aje.