Land Rover iliyomisi tambarare

Mwanzoni mwa 1994 nilikuwa nyumbani Lushoto nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Kijana anayekaa bure hakosi mtu wa kumtuma, kwa hiyo mjomba akanichukua niwe utingo kwenye Land Rover yake. Ilikuwa 109, ile ndefu, Series III ya petroli, injini ya silinda nne ya lita 2.25. Aliinunua mnadani ikiwa imeshapita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa umeacha alama yake: taa za aina mbili, bolti za kila nchi, na waya ambazo hata mwenye gari hakujua zinakwenda wapi. Tulipakia kabichi, karoti na viazi, tukateremka Soni hadi Mombo, kisha tukashika barabara kuu kwenda Korogwe. Soko la Korogwe likiwa baya tulisonga mbele mpaka Tanga mjini.

Gari lile lilikuwa linamisi, yaani mara kwa mara mafuta yanakosa kuwaka ndani ya silinda. Si kumisi kwa kila siku ambako plagi moja imekufa na injini inatikisika tangu asubuhi. Likiwashwa lilikuwa linaunguruma vizuri tu, sailensa haikosi pigo. Tukiondoka Mombo, tukiingia zile tambarare za mkonge na mjomba akatulia kwenye gia ya nne, ndipo linaanza: mshtuko, kimya, mshtuko, halafu mlio mkubwa kwenye ekzosi kama mtu amepasua mfuko wa karatasi. Mbuzi walikuwa wanatoka barabarani wenyewe.

Mjomba alikuwa amegundua dawa yake. Akikanyaga mafuta mpaka chini, gari linatulia na kuvuta. Basi alikuwa anaendesha hivyo hivyo, mguu wote, na mzigo wa viazi nyuma, kwenye gari ambalo breki zake zilihitaji kupampu kwanza ndipo zishike. Kina mama wa kabichi waliokuwa wakipanda nyuma walikuwa wanapiga paa kwa viganja. Petroli nayo ilikuwa inakwenda kwa kasi ambayo faida ya safari haikuweza kuifuata.

Kila fundi alikuwa na jibu lake. Wa kwanza Mombo alisema petroli ina maji, jambo ambalo halikuwa la kushangaza, maana mara nyingine tulinunua ya kwenye mapipa. Akafungua kile kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta, akamwaga, akapuliza mabomba. Gereji moja mjini Tanga ikasema plagi, tukanunua plagi mpya zote. Ikasema waya za plagi, tukanunua. Halafu ikasema kabureta. Sasa hapo walikuwa na sababu, kwa sababu kabureta za Zenith za Land Rover hizo zina ugonjwa unaojulikana: uso wake wa juu hujipinda kwa joto na ule mpira wa duara wa ndani hukauka, injini ikakosa mchanganyiko mzuri. Wakaifungua, wakaisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, wakatia mipira mipya. Tulirudi nyumbani na bili ndefu. Kabla hatujafika Segera, mbuzi wakaanza tena kutoka barabarani.

Aliyetuelekeza Manundu, pale Korogwe, ni dereva wa lori la mkonge. Alisema kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge enzi za jenereta na trekta kubwa, sasa amestaafu, anatengeneza magari chini ya mwembe nyumbani kwake. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, amevaa kibagharashia kilichokuwa cheupe zamani. Mjomba akaanza hadithi kabla hata ya kumaliza shikamoo: linamisi hapa, lilimisi pale, plagi, waya, kabureta. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na linakwenda vizuri wapi, mwanangu?”

Mjomba hakuelewa. Mimi niliyekuwa nakaa nyuma na mizigo ndiye niliyejibu. “Likipanda Soni, babu. Pale halimisi hata kidogo. Hata likiwa limejaa.”

“Limejaa, gia ya pili, mguu chini?”

“Ndiyo.”

“Na likisimama linanguruma tu?”

“Linanguruma vizuri.”

Akanyamaza akikwaruza kidevu. Halafu akamwambia mjomba kwamba hela ya kabureta imeliwa bure. Kama mafuta yangekuwa hayafiki, alisema, mlima wa Soni ndio ungekuwa wa kwanza kusema, kwa sababu huko ndiko injini inakunywa kuliko popote. Na kama koili, ile inayozaa umeme wa cheche, ingekuwa dhaifu au waya zinavujisha moto, vilevile mlimani ndiko cheche inakopata shida, silinda ikiwa imejaa na kubana. Gari linaloshinda kilele na kushindwa tambarare lina ugonjwa wa tambarare.

Hata hivyo hakurukia anakotaka kwenda. Alizifungua plagi zote nne akazipanga juu ya bampa kwa mpangilio wa silinda. Nilikuwa naona plagi kila wiki lakini sijawahi kuona mtu akizisoma. Zote zilikuwa na rangi moja, kahawia iliyopauka, hakuna yenye masizi, hakuna iliyolowa. Kwa hiyo hakuna silinda mgonjwa peke yake, akasema; wote wanaumwa pamoja, basi tutafute kitu wanachokula wote. Siku hizi, kwenye magari ya kompyuta, unachomeka mashine ya kusomea makosa, inakuandikia P0300, yaani misi ya hapa na pale isiyo na silinda maalumu, na vijana wengi wakishaiona hiyo wanakwenda moja kwa moja dukani. Yule mzee alikuwa ameipata P0300 yake kwenye bampa, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kufikiri.

Kutoka kwenye kabureta ya Land Rover ile kulikuwa na bomba jembamba linalokwenda kwenye distributa, kile kinachogawa cheche kwa kila plagi. Mimi nilidhani ni la mafuta. Mzee akanieleza, akionyesha kwa bisibisi: ukiendesha kwa mguu mwepesi, kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachopitisha hewa, kimefunguka kidogo tu, injini inanyonya na haishibi, na ule mnyonyo unapita kwenye bomba hili kuvuta bamba dogo lililobeba pointi, ile swichi ya kufunguka na kufungana inayoamua cheche itoke lini, ndani ya distributa. Bamba likigeuka, cheche inawahi kidogo, na petroli inatumika vizuri. Ukikanyaga mpaka chini, kipepeo kinafunguka wazi, mnyonyo unaisha, bamba linarudi mahali pake. Gari likisimama linanguruma, nako bamba limetulia. “Sasa wewe niambie,” akasema, “ni lini tu hilo bamba linavutwa likabaki limevutwa?”

Nikamwambia, tambarare.

Akalichomoa bomba upande wa distributa, akaliziba kwa skrubu ndogo, akatuambia twende. Tulitoka Korogwe kuelekea Mombo, yeye mbele na mjomba, mimi nyuma nimeshikilia bomba la turubai. Gia ya nne, mguu mwepesi. Gari likaenda. Likaenda tena. Mjomba alikuwa anageuza shingo kumtazama mzee badala ya kutazama barabara. Tulipogeuka kurudi alikuwa tayari anaimba sifa: basi tuliache hivyo hivyo, mzee, si limepona?

“Halijapona. Nimelizuia lisijikune.” Akaeleza kwamba likibaki hivyo litaendelea kula petroli, na lililovunjika litazidi kuvunjika, mpaka siku lizimike kabisa, na siku hiyo haitachagua mahali pazuri.

Chini ya mwembe akaondoa kifuniko cha distributa na rota. Pointi zilikuwa safi, akapima nafasi yake kwa geji, iko sawa. Akachukua balbu ya indiketa yenye nyaya mbili, moja akaitia kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye terminali ya distributa baada ya kuchomoa waya wa koili. Kisha akanipa hendeli nizungushe injini taratibu. “Bado… bado… acha.” Alitaka pointi ziwe zimefungana, tena katikati ya kufungana kwake, ili bamba likigeuka kidogo zisijifungue zenyewe na kutudanganya. Balbu ikawaka. Moto ulikuwa unapita kwenye pointi na kuingia kwenye bodi kama inavyotakiwa.

Halafu akafanya jambo ambalo mjomba alilisimulia mpaka alipozeeka. Akachomeka kipande cha mpira kwenye tundu la distributa, upande wa pili akautia mdomoni, akanyonya. Bamba likageuka mbele ya macho yetu, na balbu ikazimika. Akaachia, ikawaka. Akanyonya, ikazimika. Mjomba akainama mpaka kofia yake ikaanguka juu ya betri.

Kosa lilikuwa kwenye waya mfupi kuliko kidole, unaotoka kwenye terminali kwenda kwenye pointi. Waya huo hutakiwa uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu kila bamba linapocheza nao unacheza. Huu ulikuwa mgumu, wa uzi mmoja, kama wa kuvutia umeme nyumbani. Mzee akaupinda: ganda la nje zima, halina hata mchubuko, lakini kati yake unasikia shaba imekatika, ncha mbili zinagusana ukiuacha na kuachana ukiuvuta. Mjomba akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia kuna gereji ilimbadilishia pointi. Hakuitaja kwa heshima.

Duka la spea la karibu halikuwa na waya kama ule. Mzee akaingia ndani, akatoka na kipande cha waya wa pasi ya umeme, wa nyuzi nyembamba zisizohesabika, uliofunikwa kwa kitambaa kinachovumilia joto. Akapasha kisu cha kuunganishia kwenye jiko la mkaa, akaunga kwa risasi, akauachia ulegevu wa kutosha bamba likatembea bila kuuvuta. Akanyonya tena: balbu haikutikisika. Akarudisha rota, kifuniko, bomba mahali pake, tukawasha.

Wakati mjomba anahesabu hela ya ufundi, mke wa mzee akatokea mlangoni na pasi mkononi, mkia wake umekatwa katikati.

“Nani kakata hii? Nguo za Ijumaa nitazinyoosha kwa nini, kwa mkono?”

Mzee hakugeuka. “Huyu bwana anakununulia mpya.”

Mjomba akacheka, akanipa noti. Nikakimbia mtaa wa pili kutafuta waya wa pasi, na ile ya ufundi akailipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla ya hapo wala baada yake.