Watu wanne niliowaongeza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza timu ya watengenezaji wa programu hapa Dar es Salaam, mradi wetu wa kupokea malipo kwa simu ulichelewa kwa wiki sita, nami, kwa kutaka kumtuliza mteja, niliomba niongezewe watu wanne juu ya watano tuliokuwa nao. Nilidhani ni kama kubeba matofali. Kumbe kila mgeni alihitaji mwenyeji wa kumwelekeza, na wenyeji hao ndio pekee walioujua mfumo, hivyo kwa wiki tatu mabingwa wangu wakawa walimu na kazi yenyewe ikasimama. Hesabu yake ni nyepesi, ingawa sikuifanya mapema: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, na watu 9 wana njia 36. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta kubwa, katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, alikwisha kuonya kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hilo nililisoma chuoni, na mtihani wake nilifaulu vizuri tu.

Kilichotuokoa ni kupunguza kazi. Nilikaa na mteja, tukaahirisha ripoti zote, tukabakiza malipo na stakabadhi. Wale wanne niliwapa jukumu la kuujaribu mfumo, na dada mmoja kati yao, ambaye vikaoni hakusema neno, ndiye aliyegundua kwamba mtandao ukikatika katikati ya muamala, mnunuzi alikuwa anakatwa fedha mara mbili.