Nilivyoliita dume la elki kwa sauti ya jike mpaka likaja

Mi nakaa Boise, jimbo la Idaho huku Marekani, na kila Septemba tunapanda milimani kuwinda elki kwa upinde. Elki ni jamii ya kulungu ila huyu ni jitu kabisa, dume linafika kilo 300 na kuendelea, na mwezi huo ndo wanapandana kwaiyo msitu mzima unapiga kelele.

Wengi wakianza wanakimbilia mlio wa dume, ule unaoanza chini unapanda mpaka unakuwa filimbi kali afu unamalizia na kukoromakoroma, mtamu kweli kuusikia, ila dume lenye majike yake likisikia mpinzani mkubwa mara nyingi linayakusanya linaondoka nayo. Mi nikakomaa na sauti ya jike tu. Kifaa ni dayaframu, yaani kampira kembamba kwenye kifremu cha nusu duara, unakabandika kwenye kaakaa, ulimi unakagusa kidogo na pumzi inatoka tumboni siyo mashavuni. Mwanzoni kichefuchefu kitupu. Mlio wenyewe ni "iii-auu", unaanza juu unashuka, sekunde moja umeisha, mazoezi nilikuwa nafanyia kwenye gari nikienda kazini, watu kwenye taa nyekundu wananikodolea macho tu.

Sasa upepo. Alfajiri hewa ya baridi inateremka bondeni, jua likishapasha mlima inageuka inapanda, kwaiyo alfajiri hiyo tukatokea chini ya dume harufu yetu isilifikie, na kila mara naminya kichupa cha poda kuona vumbi linaelekea wapi maana pua ya elki haidanganywi.

Mzee ninayewinda naye akakaa mbele na upinde, mi nyuma yake kama mita 50 kwenye misonobari, kwa sababu dume likifika pale linapotegemea kumwona jike na halimwoni linagoma, sasa kama anayeita ndo mwenye upinde linagomea mbali mshale haufiki. Nikaita taratibu, kimya. Likajibu ng'ambo ya korongo. Sikulijibu, nikavunjavunja vijiti kwa mguu kama jike anatembea, afu nikageuka nikaita kuelekea nyuma ionekane bibie anaondoka zake, weee, likaja mbio! Lilivyokatiza kwenye uwazi mbele ya mzee nikapiga mlio mmoja mfupi, likasimama kusikiliza, mzee akaachia mshale.

Ukitaka kuanza chukua dayaframu ya utando mmoja, laini na haitaki pumzi nyingi, zile za tabaka tatu waachie wanaopenda kunguruma.