Yuro 180 kwa Askari Ambaye Hakufika Tunisia

Kilichonishika Berlin ni meza moja kwenye gulio la Jumapili la vitu vya kale. Mwenye meza alikuwa na Soldbuch, kile kijitabu cha mshahara na utambulisho ambacho askari wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili alitembea nacho mfukoni. Swastika ya jaladani alikuwa ameifunika kwa stika, kwani sheria ya huko haimruhusu kuianika sokoni. Alitaka yuro 180. Jirani yake alikuwa na kingine kwa 70, ila huyu alidai cha kwake ni cha mtu aliyepigana Tunisia, na vijitabu vya vita vya Afrika vina wateja.

Nikaomba kukifungua. Ukurasa wa 1 una cheo, jina, namba ya kisahani cha shingoni, kundi la damu na saizi ya barakoa ya gesi. Askari akipandishwa, cheo kipya huandikwa chini pamoja na tarehe yake. Picha ziliagizwa vita vikiwa vimekolea, hivyo kijitabu cha 1940 chenye picha ya 1944 si cha kutilia shaka. Angalia muhuri: uanzie juu ya picha na uendelee kwenye karatasi bila kuachana. Ukiachana, picha imebadilishwa. Wa hapa ulikuwa sawa.

Kisahani huwadanganya wengi. Alama zake hutaja kikosi kilichokitoa, mara nyingi kambi ya mafunzo aliyoripoti siku za mwanzo. Anaweza kufa miaka minne baadaye na kikosi kingine kabisa, kisahani kikiwa kile kile.

Ukurasa wa kukaa nao ni wa 4. Sehemu A ni ofisi ya uandikishaji, B ni kikosi kilichompeleka vitani, C ni kikosi cha vitani, na D ni kikosi cha akiba kilichobaki nyumbani kikimhudumia. Wanaofuata D hujikuta wakimsaka mtu kwenye mji wa Ujerumani wakati yeye yuko mstari wa mbele. Mwandiko nao una vituko: katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, e hufanana na n, s ndefu hufanana na f, na u huitambua kwa kijikunjo kilicho juu yake.

Kwenye C palisomeka Gren. Rgt. 755, yaani rejimenti ya askari wa miguu. Mwenye meza akatabasamu, na kwa nusu alikuwa na haki. Rejimenti 755 ilikuwa ya Divisheni ya 334, iliyoundwa mwishoni mwa 1942, ikapelekwa Tunisia na kusalimu amri Mei 1943. Lakini mwaka huo huo divisheni yenye namba ile ile iliundwa upya Ufaransa, ikaenda kupigana Italia. Ukurasa wa 4 hausemi ni ipi kati ya hizo mbili. Hapo unawinda tarehe kwingine: mavazi aliyopewa, chanjo (ukurasa wa 9), hospitali (12 na 13), likizo mwishoni. Usitegemee mihuri pekee. Mingi ina tarakimu tano za posta ya vitani badala ya jina la kikosi, na namba hizo ziliweza kufutwa na kupewa kikosi kingine.

Tarehe ya kwanza kabisa mle ndani ilikuwa chanjo ya Agosti 1943. Tunisia ilikuwa imeshaanguka miezi mitatu nyuma. Je, alipoteza kijitabu cha kwanza? Kwa kawaida nakala ya pili huandikwa hivyo mwanzoni, na hapa hapakuwa na kitu. Bei ikashuka hadi 80. Bado ghali, lakini nilishakipenda.

Karatasi za mtu binafsi huulizwa Berlin, kwenye ofisi iliyoanza 1939 na kuingizwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, mwaka 2019. Ina kadi za watu zaidi ya milioni 18. Usipande treni kwa ajili yake. Jaza fomu, utume, usubiri miezi. Kama hajatimiza miaka kumi tangu afe, au mia tangu azaliwe pale kifo kisipojulikana, masharti huwa makali.

Karatasi za vikosi ziko Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la hifadhi hiyo, upande wa pili wa nchi. Tiketi ya dakika za mwisho ni wizi wa mchana. Njiani niliwafikiria askari wetu wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokuja kulipa malimbikizo yao ya mishahara ya Vita Kuu ya Kwanza, wazee mamia walijitokeza Mwanza na wachache tu walikuwa na vyeti. Wasio navyo wakapewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani, ikawa ndiyo hati yao.

Freiburg utaingia na penseli, kalamu ya wino ibaki nje, na majalada uyaagize mapema. Divisheni za askari wa miguu ziko chini ya alama ya majalada RH 26, kisha namba ya divisheni: RH 26-334. Kabla ya kusafiri pekua katalogi yao ya mtandaoni, maana baadhi yameshapigwa picha. Wamarekani nao wana nakala za filamu za divisheni, mfululizo T-315. Daftari la vita litakupa vijiji, saa na hesabu ya waliokufa. Jina la askari wa kawaida ni nadra kulikuta. Kwa hiyo unaoanisha: tarehe za hospitali kutoka kijitabuni, na mahali divisheni ilipokuwa siku hizo.

Malazi ya Freiburg, kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita, yalinila zaidi ya kijitabu chenyewe.