Mmoja hagusi karanga, mwingine lazima azile

Mwanangu wa pili alipofikisha miezi mitano, daktari wa mzio aliniambia nianze kumlisha karanga. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimempakata mtoto, na dada yake wa miaka minne amekaa kando yangu, yule ambaye karanga zilishatukimbiza hospitalini mara mbili. Kwa karibu miaka mitatu hakuna karanga iliyovuka mlango wa nyumba yetu. Sasa niambiwe nizirudishe, tena kwa mkono wangu mwenyewe!

Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi miwili alipolamba kijiko changu kilichokuwa na siagi ya karanga. Ndani ya dakika chache midomo ilivimba, mabaka mekundu yakatoka shingoni hadi tumboni, akatapika. Walipompima baadaye kwenye ngozi, ilionekana karanga na korosho zote hazimfai. Nilishangaa, kwa sababu karanga ni jamii ya kunde, inazaa ardhini, na korosho inazaa juu ya mti. Daktari akasema watoto wengi huwa na vyote viwili, na kwamba asiyeweza korosho aogope pia pistachio, maana hizo ni ndugu wa karibu. Akaniambia na jambo jingine ambalo sikulitilia maanani siku ile: uvimbe mkubwa kwenye kipimo cha ngozi unaonyesha tu kwamba mzio huenda upo kweli. Hauonyeshi mtoto ataumwa kiasi gani safari ijayo.

Mara ya pili ndiyo inayoniuma hadi leo. Alikuwa na miaka mitatu, tumetembelea jamaa, akapewa biskuti. Niliitazama biskuti, pakiti sikuisoma. Alianza kujikuna, kisha akaanza kukohoa kikohozi kikavu cha mfululizo. Sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikampa dawa ya maji ya aleji, nikakaa kumtazama. Niliogopa kumchoma mtoto bure. Niliwaonea haya watu waliokuwepo, wasije wakasema nakuza mambo. Sauti yake ilipoanza kukwaruza ndipo nilipomchoma pajani, upande wa nje, juu ya suruali yake. Baada ya dakika chache pumzi ilitulia.

Hospitalini hawakunilaumu, ila walinieleza taratibu kama mtu anayeeleza mara ya mwisho. Dawa ya maji inapunguza muwasho, basi. Haifungui njia ya hewa na haipandishi shinikizo la damu lililoshuka. Hiyo ni kazi ya adrenalini peke yake. Mtoto akishakula kitu ambacho mwili wake unakikataa, halafu dalili zikatokea sehemu mbili, ngozi na kifua kwa mfano, au ngozi na tumbo, chomeni. Ikiwa pumzi inabana au sauti imebadilika, hata hiyo dalili ya pili msiingoje. Mlazeni, miguu iinuliwe. Kama anahangaika kupumua akae, lakini asisimame wala asitembezwe kwenda garini. Ikipita dakika tano bila nafuu, sindano ya pili, ndiyo maana tunabeba mbili. Na hata akichangamka lazima aende hospitali akaangaliwe, kwa kuwa hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Baada ya hapo nilifanya jambo moja ambalo nadhani lilitufaa kuliko kufukuza karanga nyumbani. Kila mtu mzima anayebaki na binti yangu alijifunza kuchoma. Sindano zilizopita muda tulizitumia kwenye chungwa, mmoja mmoja, mpaka mkono uache kusita. Baba yake alielewa upesi. Kazi ilikuwa kwa mama mkwe.

"Mimi nimchome mjukuu wangu? Hapana, mama. Nitakuita wewe."

"Mama, mimi nitakuwa kazini. Hadi nifike itakuwa nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akalichukua lile chungwa. Alilichoma, akashtuka kwa ule mlio, akaomba nyingine arudie. Leo ndiye anayekagua kidirisha cha sindano kila mwezi kama dawa bado ni safi haijageuka rangi, na ndiye anayegomba mkoba ukiachwa ndani ya gari juani. Kwenye friji pia haiwekwi.

Ni yeye mama mkwe aliyenishauri, binti yangu akiwa mchanga, nisimpe karanga kabla hajafika miaka mitatu. Nilitii, na kile kijiko nilidhani ndicho kosa langu la kuvunja ushauri huo. Nimebeba hatia hiyo muda mrefu, yeye naye akibeba ya kwake kwamba pengine hakunisisitiza vya kutosha. Kumbe ushauri wenyewe ulishaachwa. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema mwaka 2000 kwamba watoto walio hatarini wacheleweshewe karanga hadi miaka mitatu. Mwaka 2008 wakaachana na msimamo huo kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa London ulioongozwa na daktari wa mzio wa watoto, Gideon Lack. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu kali ya ngozi, yaani ngozi kavu yenye muwasho, au mzio wa mayai, waligawanywa: wengine wakala karanga kila wiki, wengine wakazuiwa kabisa. Walipofika miaka mitano, waliozuiwa walikuwa na mzio wa karanga kwa asilimia 17 hivi, waliozila asilimia 3 tu. Mimi na mama mkwe tuliambiwa hayo pamoja, tumekaa viti viwili vya karibu. Alinishika mkono. Hatukuzungumza mpaka tulipofika nyumbani.

Ndiyo maana daktari alitaka mdogo mtu aanze mapema, hasa kwa kuwa naye alikuwa na pumu ya ngozi. Hatukuanzia nyumbani. Alipimwa kwanza, kipimo kikawa safi, na mlo wa kwanza alilishiwa kliniki huku wakimtazama. Ninaisisitiza sehemu hiyo kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa namna hii: jambo la kupima kwanza au la, mwachie daktari wako akuamulie.

Kuendeleza nyumbani ndiko kulikonikosesha usingizi. Kiasi tulichopewa ni vijiko viwili vya chai vya siagi laini ya karanga, mara tatu kwa wiki, iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka iwe uji mwepesi. Karanga nzima kamwe, mtoto mdogo hupaliwa. Nilichagua siku ambazo dada yake yuko shule ya awali. Akishatoka tu, namlisha mdogo kwenye kiti kimoja, sehemu ileile, kwa bakuli na kijiko chekundu ambavyo vina sponji yao. Kopo linafungwa na kuwekwa juu kabisa, ndani ya boksi lenye kufuli. Halafu namnawisha mikono na uso kwa sabuni na maji, namvua nguo, nanawa mimi, nafuta kiti na meza. Zile jeli za kusafishia mikono haziondoi karanga, zinaisambaza tu. Na kwa sababu chembe hubaki kwenye mate, mdogo anakula chakula kingine cha mchana, na saa kadhaa zinapita, kabla dada yake hajarudi kumbusu.

Harufu ilinitesa bila sababu. Nilikuwa nafungua madirisha yote, mpaka daktari aliponituliza kwamba harufu ya siagi ya karanga peke yake haimwangushi mtoto. Cha kuogopa ni kile kinachoingia mdomoni.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukipanga. Siku moja shule ilifungwa mapema, binti yangu akaingia jikoni na kuliona kopo mezani. Picha ya karanga anaijua, tulimfundisha wenyewe kuikimbia. Alisimama mlangoni akilia.

"Mama, mtoto atakufa?"

Nilikuwa nimewaza sabuni, sponji na kufuli, sikuwaza kwamba yeye atamwogopea mdogo wake. Nilinawa, nikamtoa nje, tukakaa chini. Nikamwambia kila mwili una walinzi. Wa kwake wanaikosea karanga wakidhani ni adui, wa mdogo wake tunawazoesha wasikosee. Akauliza kwa nini wake hawakuzoeshwa. Nilimjibu ukweli, kwamba mama hakujua. Akafikiri, akaniuliza kama wanaweza kujifunza sasa. Nikamwambia wapo watoto wanaopona wakikua, kama mmoja kati ya watano, na tutaendelea kumpima.

Sasa anakaribia miaka sita, mdogo wake ana miaka miwili na anakula karanga bila tatizo. Pakiti za vyakula tunasoma pamoja, herufi anazijua. Lile onyo la "huenda ikawa na chembe za karanga" kwetu ni hapana, hata kama jana tulinunua kitu hichohicho bila onyo, kwani viwanda hubadilisha. Mkoba wake una sindano mbili na karatasi ya hatua, na mwalimu wake naye amechoma chungwa.

Akirudi shuleni hasogei kwa mdogo wake moja kwa moja. Anasimama mlangoni na viatu vyake mkononi, anauliza, "Ameshanawa?" Nikisema ndiyo, anavitupa viatu hapohapo na kukimbia.