Libya: Siasa za Kufunga na Kufungua Mabomba ya Mafuta

Habari nyingi kuhusu Libya huieleza nchi hiyo kama uwanja wa ugomvi wa serikali mbili, moja yenye makao yake Tripoli upande wa magharibi, na nyingine ya mashariki inayotegemea Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la huko, na jeshi la kamanda Khalifa Haftar. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaliacha kando jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha siasa za Libya tangu 2011. Mafuta ya nchi hiyo yanaruhusiwa kuuzwa na taasisi moja tu, ambayo ni Shirika la Taifa la Mafuta, na fedha zake huishia katika Benki Kuu moja tu, na zote mbili ziko Tripoli. Ilhali visima vingi, mabomba na bandari za kusafirishia mafuta hayo vimo mikononi mwa watu wengine kabisa. Anayekishika kisima hawezi kuuza mafuta, na anayeruhusiwa kuyauza hana askari wa kukilinda kisima. Mengi yanayoonekana kwa mbali kuwa ni vurugu tupu yanatokana na hali hiyo.

Tukumbuke kwanza ukubwa wa kinachogombewa. Libya ina eneo la kilomita za mraba milioni 1.76, sehemu kubwa ikiwa ni jangwa la Sahara, na wakazi wapatao milioni 7 ambao wengi wao wanaishi katika ukanda mwembamba wa pwani. Chini ya jangwa hilo kuna akiba ya mafuta inayokadiriwa kuwa mapipa bilioni 48, kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Afrika. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta na gesi, na watu wapatao milioni 2 hulipwa mishahara kutoka hazina ya umma. Kwa hiyo familia ya Libya isiyomtegemea mtu anayelipwa na serikali ni nadra, na hata wapiganaji wa pande zinazohasimiana wamewahi kupokea mishahara kutoka Benki Kuu ile ile.

Silaha ya kufunga mabomba ina historia ndefu nchini humo, na ninaona ni muhimu kuirejea kwa sababu ilianza ikiwa silaha ya dola. Mafuta yaligunduliwa kwa kiwango cha kibiashara huko Zelten mwaka 1959, chini ya utawala wa Mfalme Idris, na yakaanza kusafirishwa mwaka 1961. Muammar Gaddafi alipotwaa madaraka tarehe 1 Septemba 1969, akiwa na umri wa miaka 27, alikuta mazingira yanayompendelea: Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu vita vya 1967, mafuta ya Ghuba yalilazimika kuzunguka Afrika nzima kabla ya kufika Ulaya, na mwaka 1970 bomba lililopeleka mafuta ya Saudi Arabia hadi pwani ya Mediterania likakatwa nchini Syria. Libya, iliyoko ng'ambo tu ya bahari kutoka Italia, haikuwa na mpinzani wa karibu. Serikali mpya ikaichagua kampuni iliyokuwa dhaifu kuliko zote katika mazungumzo, Occidental Petroleum, ambayo nje ya Marekani haikuwa na chanzo kingine kikubwa cha mafuta, ikaiamuru kupunguza uzalishaji tena na tena hadi kampuni hiyo ilipokubali, Septemba 1970, kupandisha bei iliyotangazwa, yaani bei rasmi iliyotumika kukokotoa kodi, kwa senti 30 kwa pipa na kulipa kodi kubwa zaidi. Kampuni nyingine zikafuata, na mwaka uliofuata nchi za Ghuba nazo zikadai haki kama hiyo huko Tehran. Ushindi ule ulistahili kusherehekewa, kwa kuwa nchi changa iliyopata uhuru mwaka 1951 ikiwa miongoni mwa maskini wa dunia ilizilazimisha kampuni kubwa kuketi mezani na kukubali masharti yake.

Miaka 43 baadaye, silaha hiyo hiyo iligeuzwa dhidi ya dola yenyewe.

Kati ya 1970 na 2013 kuna mambo mengi ambayo nitayapitia kwa haraka, kwa sababu yameandikwa sana: vita na Chad kuhusu ukanda wa mpakani wa Aouzou, shambulio la bomu dhidi ya ndege huko Lockerbie, Uskoti, la Desemba 1988 lililoua watu 270, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyowekwa mwaka 1992 na kuondolewa mwaka 2003, na Azimio la Sirte la 9 Septemba 1999 lililozaa Umoja wa Afrika. Mwaka 2011, uasi dhidi ya Gaddafi ulipozuka, unahitaji neno zaidi. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 17 Machi na kuruhusu nguvu za kijeshi zitumike kuwalinda raia, liliungwa mkono na wanachama 10, wakiwemo Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, huku watano wakijizuia kupiga kura. Umoja wa Afrika ulikuwa na mpango wake wa kusimamisha mapigano, na ujumbe wa marais ukiongozwa na Jacob Zuma wa Afrika Kusini ulikwenda Tripoli mwezi Aprili kuuwasilisha, lakini viongozi wa uasi huko Benghazi waliukataa, na nchi za NATO zilizokuwa zikirusha mabomu hazikuupa uzito. Gaddafi aliuawa karibu na Sirte tarehe 20 Oktoba 2011. Ninaamini kwamba kosa kubwa la mataifa yaliyoingilia kati lilikuwa kuondoka kana kwamba kazi imekwisha, wakiacha nyuma yao mamia ya vikundi vyenye silaha, kila kimoja kikidai kuwa mlinzi wa mapinduzi na kila kimoja kikitaka mshahara.

Ibrahim Jadhran alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja cha aina hiyo. Serikali ilikuwa imemkabidhi kazi ya kulinda vituo vya mafuta vya mashariki, naye katikati ya mwaka 2013 akavifunga, akidai kwamba mafuta yanaibwa na kwamba eneo la mashariki linastahili mgao wake. Uzalishaji uliokuwa umerudi hadi takriban mapipa milioni 1.4 kwa siku ukaporomoka hadi chini ya 300,000. Machi 2014 watu wake walipakia mafuta katika meli iitwayo Morning Glory kwenye bandari ya Es Sider, na serikali ikashindwa kuizuia isiondoke. Siku hiyo hiyo meli ilipokuwa imekwisha kutoroka, bunge likamwondoa Waziri Mkuu Ali Zeidan. Siku chache baadaye makomando wa jeshi la majini la Marekani waliivamia meli hiyo karibu na Cyprus na kuirudisha Libya. Tarehe 19 Machi 2014, Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 2146 lililoruhusu meli zilizoorodheshwa na Umoja wa Mataifa kuwa zinabeba mafuta ghafi ya Libya bila idhini ya serikali zikaguliwe baharini.

Sidhani kama kuna uamuzi wa nje ulioiathiri Libya kwa undani zaidi kuliko huo katika muongo uliofuata. Nchi ilipogawanyika baadaye mwaka huo huo, mashariki ikaunda shirika lake la mafuta, lakini hakuna aliyekubali kununua kwalo waziwazi. Aprili 2016 shirika hilo lilipakia mapipa 650,000 katika meli ya Distya Ameya. Umoja wa Mataifa ukaiweka meli hiyo katika orodha ya zilizopigwa marufuku, Malta ikakataa kuipokea, na hatimaye ikashusha mzigo wake Zawiya, upande wa magharibi. Juni 2018 Haftar, ambaye majeshi yake yalikuwa yametwaa bandari za Ghuba ya Sirte tangu Septemba 2016, alitangaza kuzikabidhi kwa shirika la mashariki. Hakuweza kuuza, na baada ya wiki chache alizirudisha kwa shirika la Tripoli.

Kanuni hiyo ya muuzaji mmoja imeiokoa Libya isikatike vipande viwili, na kwa hilo ninaitetea. Lau mashariki ingeweza kuuza mafuta yake yenyewe, sioni sababu ambayo ingewazuia viongozi wake kutangaza nchi yao. Lakini kanuni hiyo ilibaki nusu. Dunia iliamua nani auze na fedha ziingie wapi, kisha ikanyamaza kuhusu namna fedha hizo zitakavyogawanywa, nani atazikagua, na mji wa mbali kama Sabha utapata nini. Mwenye silaha aliyekosa mgao alibakiwa na njia moja ya kusikilizwa, nayo ni kufunga bomba na kusubiri simu kutoka miji mikuu ya dunia.

Na simu hizo hazikuwa za wasuluhishi peke yao. Haftar alipoanza kuishambulia Tripoli tarehe 4 Aprili 2019, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alikuwa mjini humo kuandaa mkutano wa maridhiano. Nyuma ya Haftar walikuwepo Falme za Kiarabu na Misri, pamoja na mamluki wa Urusi wa kundi la Wagner, na Ufaransa ilimpa nguvu ya kidiplomasia. Serikali ya Tripoli ya Fayez al-Sarraj, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa lakini iliyokuwa ikielemewa, ilielekea Uturuki, na tarehe 27 Novemba 2019 ikatia saini hati mbili, moja ya ushirikiano wa kijeshi na nyingine ya mipaka ya bahari. Hiyo ya pili iliikasirisha sana Ugiriki, kwa kuwa ilichora mpaka kana kwamba kisiwa cha Krete hakina haki yoyote baharini. Kwa Uturuki, bei ya kuiokoa Tripoli ilikuwa nafasi ya kudai gesi ya Mediterania ya mashariki. Ndege zisizo na rubani za Uturuki zilibadilisha vita. Kufikia Juni 2020 majeshi ya Haftar yalikuwa yamerudi nyuma hadi Sirte na Jufra, na Rais Sisi wa Misri akatangaza kwamba hapo ndipo mstari usiovukwa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na katika jangwa hilo kunguru walikuwa wengi, kila mmoja akisema amekuja kulinda amani.

Wakati vita hivyo vikiendelea, mabomba yalikuwa yamefungwa tangu Januari 2020, muda mfupi kabla ya Mkutano wa Berlin kuhusu amani ya Libya, na uzalishaji ukashuka hadi chini ya mapipa 100,000 kwa siku. Yalifunguliwa Septemba, na tarehe 23 Oktoba mapigano yakasimamishwa rasmi kwa makubaliano ya Geneva. Februari 2021 Abdul Hamid Dbeibah akachaguliwa kuwa Waziri Mkuu wa mpito kuelekea uchaguzi wa tarehe 24 Desemba 2021. Uchaguzi huo haukufanyika. Mwaka 2022 bandari na visima vikafungwa tena, na mwezi Julai vikafunguliwa mara tu Dbeibah alipombadilisha mkuu wa Shirika la Mafuta, Mustafa Sanalla, na kumweka Farhat Bengdara, aliyewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu enzi za Gaddafi na ambaye upande wa Haftar ulimkubali.

Mgogoro wa Agosti 2024 ulilidhihirisha jambo hili kuliko mwingine wowote, kwa sababu safari hii kilichogombewa kilikuwa Benki Kuu yenyewe. Gavana Sadiq al-Kabir alikuwa katika kiti hicho tangu 2011. Baraza la Wawakilishi lilijaribu kumwondoa mwaka 2014 na akabaki. Baraza la Rais huko Tripoli, linaloshika nafasi ya mkuu wa nchi, lilipomfukuza, ni mashariki, iliyompinga kwa miaka mingi, iliyosimama kumtetea, kwa kuwa kwa wakati huo alikuwa akiwafaa. Visima vikafungwa, zaidi ya nusu ya uzalishaji ikapotea, benki za nje zikasitisha miamala, na Gavana akaikimbia nchi. Mwishoni mwa Septemba Umoja wa Mataifa ulisimamia makubaliano ya kumweka Naji Issa, na mwanzoni mwa Oktoba mafuta yakaanza kutiririka tena.

Siwezi kuyaandika haya bila kuitaja Derna. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 juu ya mji huo yalipasuka kwa mvua za kimbunga Daniel, na maelfu ya watu wakasombwa hadi baharini. Nyufa za mabwawa hayo zilijulikana, fedha za kuyakarabati ziliwahi kutengwa, na ukarabati haukukamilika. Julai 2024 mahakama iliwatia hatiani maofisa 12. Nchi yenye mapipa bilioni 48 ilishindwa kuziba ufa wa bwawa, na mimi sikubali kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya ya hali ya hewa.

Sasa washirika wa nje wanapanga upya safu zao. Uturuki, iliyowahi kuyapiga majeshi ya Haftar, imempokea katika mji wake mkuu, Ankara, mwana wa Haftar, Saddam, ikitumaini kwamba bunge la mashariki litaidhinisha hati ya mipaka ya bahari. Urusi inaendelea kuzitumia kambi za Libya kama lango la Sahel, ukanda wa nchi zilizo kusini mwa Sahara. Italia, yenye bomba la gesi linalofika Gela huko Sicily tangu 2004, inazungumza na kila upande. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Hanna Tetteh wa Ghana, aliwasilisha Agosti 2025 mpango wa kuelekea uchaguzi na serikali moja.

Ninamtakia mafanikio, ila ninaona mpangilio wa kazi hiyo umeanzia mwisho. Uchaguzi katika nchi ambayo mshindi hukabidhiwa mapato yote bila sheria ya mgao utampa aliyeshindwa sababu nzuri ya kwenda kufunga bomba asubuhi inayofuata. Kabla ya karatasi za kura, Libya inahitaji bajeti moja inayokubaliwa na pande zote, fomula ya mgao kwa mikoa na manispaa iliyoandikwa katika sheria, na ukaguzi wa wazi wa Benki Kuu na Shirika la Mafuta. Mataifa yaliyopiga kura kuamua nani auze mafuta hayo yana uwezo wa kudai pia kwamba hesabu zake zichapishwe kila mwezi, ili mkazi wa Derna, Sabha au Misrata azisome mwenyewe.